Kovu Nililolidhania Mkunjo

Raya,

Nimekaa kuandika kwa sababu kusema nimeshindwa, na wewe umejifunika shuka mpaka kichwani kama mtu aliyelala, nami najua hujalala. Haya, pumzika. Radhi zangu unazo tangu siku uliyozaliwa, hata siku zile ulizonifanya nijute kukuzaa, kwa hiyo usidhani barua hii ni ya kukukasirikia. Sitaki uondoke tukiwa tumenuniana, lakini nguvu ya kubishana sina tena. Macho yananiwasha, mgongo unaniuma, na tangu asubuhi nimesimama jikoni nikikukaangia vitu ambavyo najua utavigawa kwa wenzako humo melini kabla hamjafika Unguja.

Habari za kula, kuvaa, kuswali na nani wa kumfungulia mlango sizigusi. Shangazi zako wamekwisha kukueleza, na yule wa Wete amekueleza kwa simu, kisha akapiga tena kukueleza aliyoyasahau. Mimi nitakuandikia habari ya kazi, kwa sababu huo uhandisi wa picha unaokwenda kuusomea Dar es Salaam ndio kazi niliyoifanya miaka yote bila kuisomea, na makosa yake nimeyafanya kwa mikono hii. Na nitakuandikia habari ya ile bahasha uliyoiweka juu ya kabati, yenye picha ya babu yako Faki uliyoitengeneza mwenyewe, ambayo kesho asubuhi unataka kumpa bibi yako Bi Time ndipo uage.

Nilianza na kamera ya filamu kabla hujazaliwa. Harusi zetu unazijua: ukumbi wa wanawake mwanamume hatii mguu, na bibi harusi siku ile kichwa ki wazi, hina imempanda hadi viwikoni, asumini mpaka mgongoni. Kila mtu alitaka picha na hakuna aliyemtaka mpiga picha. Nikaonekana mimi ndiye dawa, mwanamke, mke wa mtu, nina haya zangu. Ila filamu ni lazima isafishwe, na aliyekuwa akisafisha hapa Chake alikuwa kijana wa kiume. Siku mama mmoja alipogundua kwamba mwanawe ametazamwa kichwa wazi ndani ya chumba cha giza na kijana asiyemjua, alikuja mpaka barazani hapa, akanisema mpaka majirani wakaacha vyungu motoni wakaja kusikiliza. Alikuwa na haki yake. Nikakaa muda mrefu bila kazi.

Kwa hiyo kamera ya dijiti ilipofika kisiwani, wengine waliiona anasa, mimi niliiona sitara. Picha ilitoka kwenye kamera, ikaingia kwenye kompyuta yangu, ikatoka kwenye printa yangu, wala hakuna jicho la mwanamume lililopita katikati. Baba yako ndiye aliyeibeba kompyuta yenyewe kutoka bandarini, imefungwa kwa godoro. Akaiweka mezani, akanitazama, akaniuliza, “Utaiweza hii?” Nikamwambia, “Kwani wewe baiskeli uliiweza?” Baba yako, kama unavyojua, mpaka leo anakokota baiskeli kila penye mteremko. Akaenda zake msikitini, nikabaki mimi na kipanya.

Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza kila kitufe nione kinafanya nini, kama mtoto aliyeachiwa jiko. Majina umenipa wewe, ulipofika kidato cha tano. Ulinikalisha ukaniambia picha ndani ya kompyuta si picha, ni jedwali la namba. Kila kijiraba kina namba yake, sifuri ni giza tupu, mia mbili hamsini na tano ni weupe mtupu, na sura za watu wote ziko hapo katikati. Nilicheka, kisha nikakuomba urudie, maana mambo mengi niliyoyajua kwa kuumia siku ile yalipata maelezo.

Kwa mfano hilo la giza na weupe. Bibi harusi amevaa gauni jeupe la lasi, pembeni kakaa mamake na buibui jeusi. Ukilipendelea gauni, buibui linakuwa shimo. Ukilipendelea buibui, gauni linakuwa shuka. Mwanzoni nilijiambia nitarekebisha nyumbani. Nikifika nyumbani navuta mwangaza, na buibui linageuka kijivu lakini pindo zake hazitokei. Nashusha mwangaza, gauni nalo linageuka kijivu na maua yake hayatokei. Namba ikishagonga mwisho wake hakuna tena kilichoandikwa pale, na huwezi kuteka maji kwa ndoo ambayo hukuishusha kisimani. Niliwaharibia watu wengi ndipo nikaelewa kwamba picha inaokolewa pale pale ukumbini, mtu akiwa mbele yako, na ukichelewa umechelewa.

Na hilo la kulainisha. Taa za kumbi zetu unazijua, moja inawaka na mbili zinawaza. Picha ilikuwa ikitoka na chengachenga kama imenyunyiziwa unga wa mchele, na programu ilikuwa na kitufe cha kuziondoa. Umenieleza kinavyofanya kazi: kila kijiraba kinawatazama majirani zake, kinachukua namba ya katikati yao, na aliyezidi au aliyepungua anarudishwa kwenye mstari. Nilikwambia basi hicho kitufe kimezaliwa mtaa huu huu. Ukacheka sana. Lakini kabla hujanieleza hayo nilikuwa nimeshamfuta kipini bibi harusi mmoja wa Micheweni. Kipini cha dhahabu, cha urithi, cha bibi yake mzaa mama. Kwenye kila picha pua iko wazi, laini kabisa. Mamake alikuja, akakaa, akanywa chai, akauliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, mwisho ndipo akaniuliza kwa adabu zake zote kama kipini hakikudondokea kwangu. Kijiraba hakijui jirani yake ni uchafu au ni dhahabu. Kimeona mtu amejitenga, kimemfuta.

Ningekuwa mtu wa kujifunza ningejifunza hapo. Nilikasirika tu, nikasema mashine mbovu.

Nikaendelea na makubwa zaidi. Watu walitaka mabibi harusi weupe, nami nikawapa weupe. Navuta namba za uso juu, namaliza makunyanzi, nafuta vipele. Wewe ulikuwa mdogo, unakaa chini ya meza yangu unachezea makaratasi yaliyoharibika, siku moja ukaniuliza, “Mama, hawa wote ndugu?” Nikatazama ukutani, na kweli, mabibi harusi wa mashariki na magharibi ya Pemba, nimewafanya wote mtu na dada yake. Nilikwambia nyamaza, kaoge. Sifa zilikuwa zimeshanilewesha. Watu walikuwa wakisema mke wa Hamad anafufua picha, na mimi nikisikia najifanya sikusikia, ili wayarudie maneno yao.

Na sifa hizo ndizo zilizomtoa Bi Time kijijini kwake Msuka.

Ya babu yako unayajua kwa ufupi tu, kwa hiyo niyaeleze. Faki alifariki kijana, baba yako akiwa bado tumboni. Homa ilimshika, hakwenda mbali. Wadogo zake na wazee wake nao wameshatangulia, na hivi leo duniani amebaki mtu mmoja tu aliyemwona Faki kwa macho, naye ni Bi Time. Aliacha picha moja, ndogo, ya nyeusi na nyeupe, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, miaka ile baada ya Mapinduzi watu walipoanza kutakiwa kila mahali waonyeshe karatasi. Bi Time aliiweka ndani ya mkoba wa ukili, ikakunjwa, ikakunjuka, mvua ikaivujia, ikahama naye nyumba hadi nyumba. Alipoifungua mbele yangu ilikuwa na mistari kama kiganja cha mkono, na imegandana na kipande cha plastiki kilichokuwa kikiifunika.

“Nnataka nimuone,” aliniambia. “Macho yangu yashaanza kunitoka. Nimuone kabla hayajenda yote.”

Nikamwambia, “Wala usiwe na wasiwasi, mama. Hii kazi ndogo.”

Hayo ndiyo maneno ninayojutia kuliko yote niliyowahi kusema. Hii kazi ndogo.

Niliipitisha picha kwenye skana kwa kipimo cha chini, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa harusi na mimi nilikuwa na haraka. Kisha nikasema hebu niibandue ile plastiki, niipige tena vizuri zaidi baadaye, nikailoweka kwenye sinia la maji. Nikaiacha ilowe, nikakaa kwenye kompyuta kuanza na ile niliyokwisha kuiingiza.

Uso ulikuwa umepitiwa na mistari kila upande, mingine imeshuka kutoka kwenye nywele, mingine imepanda kutoka shavuni. Nyusi zote mbili zilikuwa zimekatwa. Nikaifuata mistari mmoja mmoja kwa kipanya, naufuta, nachukua ngozi ya pembeni naibandika. Penye nyusi nilichukua vinywele vya jirani nikavipandikiza palipokatika. Nyusi zikatoka nzima, nzuri, kama zimepakwa wanja. Nilijiona fundi. Nikabonyeza kuhifadhi, mashine ikaniuliza kama nataka kuhifadhi juu ya ile ile, nikaijibu ndiyo, kama mtu anayemjibu mtoto msumbufu.

Na muda wote huo, Raya, mtu pekee aliyemjua mwenye uso alikuwa chumba cha pili anapembua mchele. Ningemwita, “Mama, hebu njoo utazame.” Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikumwita. Zamani nilikuwa nikisema sikutaka kumsumbua. Uongo. Sikutaka mama mkwe anione nauliza.

Nilimpa picha imechapwa kubwa, kwenye karatasi ya kung’aa. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akakaa nayo pale.

“Ahsante, mwanangu,” alisema. “Kijana nzuri. Wa nani yuno?”

Nilidhani anatania. Nikamwambia, “Mama, si baba yake Hamad huyo?”

“Faki ana kovu,” alisema, polepole, kama anayeogopa kuniumiza. “Alianguka nkarafuuni alipokwenda kuchuma, huko kusini. Tawi likamchana hapa, unyusi ukawa vipande viwili, haukuota tena. Tulikuwa tumeoana juzi juzi tu. Miye ndo niliyekuwa nikimwosha kidonda. Ukimtazama Faki, kitu cha mwanzo unaona kovu, kisha ndo unamuona yeye. Weye umelipeleka wapi?”

Mmoja katika ile mistari haukuwa mkunjo.

Nilirudi kwenye kompyuta kutafuta picha ya kabla, na ya kabla haikuwepo. Nikakimbilia sinia. Karatasi ilikuwa imebaki nyeupe, na uso umenyofoka vipande vipande umeelea majini kama utando wa maziwa, na nilipoutia kidole ukayeyuka. Nikakaa pale pale sakafuni nikalia kwa sauti. Bi Time ndiye aliyenibembeleza, akanifuta machozi kwa pindo la kanga yake, akaniambia, “Nyamaza, mkaza mwanangu. Kafa zamani yuno, hukumuua weye.” Hajanilaumu hata siku moja mpaka leo. Angenilaumu pengine ningeshapona.

Kwamba asili haiguswi, kwamba unafanya nakala kwanza na kazi yote unaifanya juu ya nakala, watakufundisha wiki ya kwanza. Watakufundisha na namna ya kutenganisha uchafu na picha, kwa hesabu ambazo mimi nikiziona kwenye vitabu vyako kichwa kinaniuma. Lakini hesabu ile lazima kwanza mtu aiambie uchafu unafananaje. Mimi niliiambia mashine mkunjo ni mstari mweupe mwembamba, na kovu la babu yako nalo lilikuwa mstari mweupe mwembamba. Tofauti yao haikuwemo ndani ya picha hata kidogo. Ilikuwemo ndani ya kichwa cha mwanamke anayepembua mchele. Utakapokuwa mhandisi na picha ya mtu iko mbele yako, ya mfupa, ya mapafu, ya shamba, tafuta kwanza huyo mwanamke yuko wapi.

Sasa nije kwako.

Ulikuwa hujatimiza hata miaka ya kuanza darasa la kwanza, umekaa mapajani mwa Bi Time, anakusimulia habari ya kovu. Ukamshika mashavu ukamwambia, “Bibi, mimi nitasoma nikurudishie babu.” Tulicheka sote, wewe hukucheka. Na hukuliacha. Kila matokeo yakitoka unakwenda Msuka kumwambia, “Bado kidogo, bibi.” Alikuwa akiwaambia majirani zake kwamba mjukuu wake anasomea kumtoa Faki kwenye kompyuta. Nilikuwa nikiyasikia, na nilikuwa najua kisichokuwepo hakitolewi. Nilinyamaza kwa sababu ahadi ile ilikuwa inakusomesha vizuri kuliko bakora. Wewe unasoma, bibi anangoja, mimi nanyamaza, na hivyo miaka ikapita. Hilo nalo liko shingoni mwangu. Nilimwacha mama wa watu angoje kitu nilichojua hakiji.

Leo jioni umenitolea picha yako. Sitasema uongo, nilishtuka. Umechukua ile yangu iliyofutwa, ukaipa ile programu mpya inayochora chochote inachoambiwa, ukaieleza kwa maneno kovu liko wapi, nayo ikajaza. Matundu ya ngozi yanaonekana. Kuna mwanga ndani ya jicho. Kovu limekata unyusi wa kulia, safi, na nywele hazikuota juu yake. Nilimtazama kijana yule nikatamani awe ndiye, mimi ambaye sikumwona hata mara moja. Kisha nikakwambia usimpe.

“Kwa nini? Bibi haoni vizuri, mama. Atafurahi. Kuna dhambi gani?”

“Siye, Raya. Hiyo mashine imebahatisha.”

“Imebahatisha kwa akili. Imeona sura za watu chungu nzima.”

“Na katika hao chungu nzima, wa Msuka wangapi?”

Hapo ndipo uliponiambia lile neno. “Wewe ndiye uliyemfuta babu. Mimi namrudisha, halafu unanikataza?” Ukaenda kulala bila kula.

Umesema kweli, na kweli ile imeniuma kwa sababu ni kweli. Mimi nilimfuta. Lakini nisikilize kidogo. Mashine yako ilipofika palipokatwa iliweka kile ambacho kwa watu wengi kingekuwepo. Uliiambia kovu, ikaweka kovu, zuri, la mtu mwingine. Mimi miaka ile nilipopandikiza vinywele vya jirani kwenye unyusi wa babu yako nilifanya hivyo hivyo, ila mkono wangu ulikuwa mzito na wa kwako mwepesi. Mimi nilitoa kilichokuwepo, wewe umetia kisichokuwepo, na sote wawili hatukumwona. Siku utakapotengeneza mashine ya kumwonyesha daktari ndani ya mwili wa mtu, nayo ikajaza mahali palipo tupu kwa sababu kwa kawaida pangekuwa na kitu, mtu atapasuliwa bure. Siku hiyo hutaniuliza kuna dhambi gani.

Haya yote ningekwambia hata ukiwa umenuna, nikaishia hapo. Lakini kuna jambo la leo ambalo hulijui, na ndilo lililonitoa kitandani. Bi Time ameniomba nisikwambie. Nakwambia.

Alipoletwa kutoka Msuka adhuhuri, wewe ulikuwa madukani na baba yako. Akakaa nami jikoni, anachambua dagaa. Nilikuwa sijaiona picha yako bado, nilijua tu kwamba unatengeneza kitu. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya muhogo, “Mama, lile kovu lilikuwa upande gani?”

“Kulia,” alisema. “Nshamwambia Raya, kulia.”

Kisha akaacha dagaa. Akanyanyua mikono yote miwili, akaanza kumfunga Faki kitambaa cha kidonda kwenye kichwa ambacho hakipo. Akamgeuza. Akamgeuza tena. Mkono wa kulia ukaenda penye unyusi, ukasita, akauteremsha, akaupandisha wa kushoto. “Alikuwa akikaa chini hivi,” alisema, “miye nikisimama mbele yake. Basi kulia kwangu... au kulia kwake? Ngoja.” Nikangoja. Mikono ilikuwa ikinuka dagaa. Akafanya tena tangu mwanzo, akapiga fundo hewani, na fundo halikumpa jibu.

“Nimesahau,” aliniambia. “Wallahi nimesahau. Nilimwosha kidonda kile mpaka kikafunga, na leo sijui ki wapi.” Hakulia. Nilitamani alie. Alichukua ungo wake akaendelea na dagaa, akasema, “Usimwambie ntoto. Keshajitaabisha. Akinipa chochote ntapokea.”

Mimi nami sikumbuki. Nilipoipiga vita picha ile kwa kipanya changu, nyusi zote mbili zilikuwa na mistari, nikaifuta yote kwa pumzi moja. Nimejikamua kichwa tangu adhuhuri, hakuna kitu. Kwa hiyo hakuna tena duniani anayejua, Raya. Kubakia kwake na shaka, mara kulia mara kushoto, mikono ikimtafuta, ndiko kumbukumbu yenyewe iliyobaki ya babu yako. Ni mbovu, ina mashimo, lakini ni yake, ameitoa kwa Faki mwenyewe.

Sikukatazi. Umekuwa mtu mzima na meli yako ni kesho. Picha ile ni kazi nzuri, na kama utamwambia kwa mdomo wako, “Bibi, huyu nimemtengeneza mimi, sijui kama ndivyo alivyokuwa, nakupa kwa mapenzi tu,” basi mpe, nami nitaitundika mwenyewe popote atakapo. Ukimpa kimya kimya, najua kitakachotokea. Ataisogeza karibu, ataenda nayo mlangoni penye mwanga, na safari hii hataniuliza wa nani, kwa sababu amejifunza kwangu kwamba kuuliza kunaliza watu. Atasema ndiye. Atakushika kichwa akuombee dua, na wewe utapanda gari la bandarini Mkoani moyo umekujaa, ukijua umetimiza ahadi.

Halafu jioni, nyumba ikishakuwa kimya, ataniita nikae karibu yake. Ataishika picha yako kwa mikono miwili, atapitisha kidole kwenye unyusi wa kulia, na ataniuliza mimi kwa sauti ya chini, “Hebu nambie kweli, mkaza mwanangu. Alikuwa hivi?”

Nitamjibu nini, Raya?

Mama yako